Robota Chini ya Samaki

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake. Sisemi hamheshimu, nasema hamtazami. Akimwona njiani anaingia vichakani, na mama mkwe naye anageukia upande mwingine kama mtu aliyeona kitu kwenye mtama. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawaongei. Vijana wa sasa wanacheka. Wacheke. Mimi nilikua hivyo, na mume wa binti yangu, pamoja na suruali zake za kupiga pasi, naye alikua hivyo hivyo.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu bila hilo mtu hataelewa kwa nini mwanamke mzima, mwenye shamba lake na jembe lake, alikaa kwenye chumba cha nyuma pale Bariadi kama kuku anayeatamia, akisubiri samaki wahamishwe ndipo aende kwake.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya wanunuzi binafsi. Zamani pamba tuliipeleka kwenye chama cha ushirika, tukakaa tukasubiri. Halafu ikasemwa ruksa, mwenye uwezo anunue. Yakaja magari ya kila rangi, kila gari na mizani yake, na kila mizani na tabia yake. Mkwe wangu alikuwa karani wa ushirika. Akatoka, akaenda kumnunulia pamba tajiri mmoja mwenye kiwanda cha kuchambulia. Akanenepa shingo. Akajenga nyumba ya tofali za saruji, ukuta pande zote, geti la chuma, na kila kitu kikawa ndani: jiko ndani, bafu ndani, choo ndani, na korido moja tu katikati. Aliyechora ramani ile hakuwa na mama mkwe.

Binti yangu alipofika kujifungua ikabidi apasuliwe. Mama wa mumewe alikuwa ameshafariki. Ilipaswa binti aletwe kwangu Bukundi nimuuguze, lakini daktari alikataa, akasema barabara ile itafungua nyuzi. Wazee wakakaa, wakabishana, mwisho wakasema mzazi ni mzazi, nenda, lakini ujifiche. Nikaenda. Nikajificha.

Sasa kujificha kwenye mji wa Kisukuma, boma la ukoo, si kazi. Kila mtu ana nyumba yake, uwanja ni mpana, ukisikia mtu anakohoa una muda wa kuzunguka nyuma ya ghala. Mle ndani ya korido nilikuwa nazunguka wapi? Mkwe wangu alikuwa akifika getini anakohoa. Akifika mlangoni anakohoa tena. Mimi nikisikia naacha nilichoshika, hata kama ni mtoto mwenye povu la sabuni, nampa mama yake, naingia chumbani, nafunga. Chumba kilikuwa na dirisha la nondo. Dirisha lilitazama ukuta. Juu ya ukuta kulikuwa na vipande vya chupa, na juu ya vipande vya chupa ndiyo kulikuwa na mbingu, kipande chembamba kama mkanda.

Humo ndimo nilimotazamia mvua.

Kwa sababu mimi nilikuwa na jambo langu. Marehemu mume wangu aliniachia shamba, na mdogo wake alikuwa akilizunguka tangu siku ya matanga. Hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na neno moja: "Shamba likilala, huamshwa na aliyepo." Maana yake, msimu mmoja tu nisilime, wa pili ataingiza plau yake, na wazee watasema wewe ulikuwa wapi. Nilikuwa Bariadi, natazama chupa. Tena njia ya kwetu ina mto. Mvua kubwa zikianza mto unajaa, gari halipiti, na mtu akichelewa upande wa huku amechelewa mpaka upande wa kule watu wameshapalilia.

Basi kitovu cha mtoto kilipoanguka na kidonda cha mama yake kikakauka, nikamwambia binti yangu, "Mwambie mumeo anipeleke. Kazi iliyonileta imekwisha."

Kumwambia mwenyewe sikuweza. Maneno yangu yote kwa mkwe wangu yalipita kwa binti yangu, na ya kwake yalirudi kwa njia hiyo hiyo. Njia ilikuwa moja, kama korido.

Jibu likarudi: "Mayu, anasema usubiri samaki wahamishwe."

Nikadhani ni mzaha wa mjini. "Samaki gani?"

"Hawa wa sebuleni."

Nilikuwa nimewaona mkwe akiwa safarini. Tajiri wake alimpa zawadi kutoka Mwanza: sanduku la kioo, ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, limejaa maji, na ndani samaki wekundu. Nilipowaona mara ya kwanza nikauliza wanapikwaje. Binti yangu akacheka mpaka akashika nyuzi zake.

"Hawaliwi, mayu. Wanatazamwa."

"Wanatazamwa na nani? Mwenye nyumba hakai nyumbani."

Alinyamaza. Ningesikiliza vizuri huo ukimya, lakini sikusikiliza.

Samaki wale walikuwa na kazi zao. Tangi lilikuwa na mashine ndogo ya kutia mapovu, lakini ilitaka umeme, na umeme wa nyumba ile ulikuwa wa jenereta, unawashwa jioni mwenye nyumba akiwepo. Mchana binti yangu alichukua pampu ya baiskeli, akafunga mpira mwembamba, akautumbukiza majini, akapampu. Mzazi mwenye kidonda cha tumbo, anapampu samaki! Nilimnyang'anya ile pampu. Ndivyo nilivyojikuta mimi, niliyezaliwa mbali na ziwa, nasimama asubuhi na mchana nawapa pumzi samaki wa mkwe wangu. Walikuwa wamekua mno. Wakigeuka mikia inagongana. Mmoja alikuwa anakaa kwenye pembe, mdomo juu ya maji, anafungua na kufunga, anafungua na kufunga. Huyo akafa. Binti yangu akamfukia kwenye kopo la maua kwa sababu uwanja wote ulikuwa saruji.

Nikauliza, "Tangi kubwa linakuja lini?"

"Limeagizwa Mwanza."

Likaja, limefungwa mablanketi, juu ya lori la pamba. Ukubwa wa hori la kunyweshea ndama wawili. Nikafunga kifurushi changu.

"Bado, mayu. Anasema mpaka apate mchanga."

Mchanga ukapatikana, ukaoshwa. Nikauliza tena. Bado, maji yakae kwanza kwenye mapipa. Maji yakakaa. Bado, hakuna meza ya kulibeba. Nikawa naongea na ukuta: "Mtu huyu anahamisha samaki au anahamisha ikulu?" Nilimchukia mkwe wangu wakati ule. Sikuwa namjua uso, lakini nilimchukia kikohozi. Nje, mkanda wangu wa mbingu ulianza kubadilika rangi. Mawingu yalitoka upande wa Meatu, upande wa kwangu. Mchwa wenye mabawa wakaanza kuingia dirishani.

Suala la meza mkwe alilimaliza kama mtu wa pamba. Alisema maseremala wote ni wezi, mbao zao mbichi, na duniani hakuna kitu kigumu kama robota. Robota ni pamba iliyoshindiliwa na mashine kiwandani na kufungwa mikanda ya chuma, mpaka ukiigonga ngumi unaumia wewe. Akapata moja lililochafuka, la daraja la chini, wapakuzi wakaliingiza sebuleni kwa matusi na jasho, wakalilaza dhidi ya ukuta. Binti yangu akalitandika kitambaa cha kufuma. Juu yake wakaweka tangi. Nilipochungulia nikaona kweli limekaa kama mfalme. Hata mimi sikuona kosa. Pamba nimelima maisha yangu yote, na sikuona kosa.

Siku ile ilikuwa siku ya kupima mtoto kliniki. Binti yangu alimfunga mgongoni, akaja mlangoni kwangu.

"Mayu, baki ndani kabisa. Baba yake yuko sebuleni. Anahamisha samaki."

"Leo?"

"Leo."

"Na kesho?"

Akarekebisha mbeleko. "Nakwenda, wasije wakafunga foleni."

Nikakaa kitandani, kifurushi miguuni. Nilimsikiliza mkwe wangu akifanya kazi. Mlinzi alikuwa wa usiku tu, kwa hiyo alikuwa peke yake. Alimimina maji ndoo kwa ndoo, na kila ndoo nilisikia nyingine ikimwagika pembeni. Alikuwa na haraka, au mikono ya mtu wa ofisi. Kisha nikasikia anaongea peke yake, anabembeleza: "Njoo, njoo, usiruke." Ndipo nikajua anateka samaki kwa sufuria na kuwavusha. Nikasema moyoni, vukeni, wanangu, vukeni upesi, mimi ninawasubiri ninyi.

Halafu nikasikia *paa!* kama gobori la mwindaji.

Na sauti ya mkwe wangu: "Shika! Nani yupo? Shikaa!"

Nani yupo. Alijua nani yupo. Nilisimama nikashika kitasa. Huku kuna haya ya maisha yangu yote, na kule kuna samaki. Kioo kile kikivunjika, nilijua kitakachofuata: liagizwe lingine Mwanza, lije na lori, mchanga uoshwe, maji yakae. Mvua itanipata humu humu. Nikavuta kanga kichwani mpaka machoni, nikatoka.

Robota lilikuwa limekunywa maji. Mkanda mmoja wa chuma umekatika, na pamba iliyokuwa imebanwa ikapata pa kutokea, ikavimba upande mmoja kama mgonjwa wa jipu. Tangi limeinama, linateleza kuja upande wa mlango. Mkwe wangu alikuwa amelizuia kwa mikono na goti, lakini upande mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa unaondoka. Nikaweka kifua changu hapo. Maji yakanilowesha mpaka kiunoni. Likasimama.

Basi tukawa hivyo. Yeye pembe ile, mimi pembe hii. Akiachia yeye, linaniangukia. Nikiachia mimi, linamwangukia. Ndoo ya kupunguzia maji ilikuwa pale sakafuni, mbali kidogo kuliko mguu wake unavyofika. Alijaribu kuivuta kwa kidole gumba, kioo kikalia *kree*, akaacha.

Niligeuza uso ukutani. Yeye nadhani aligeuza wa kwake dirishani. Tulisimama muda mrefu, hakuna aliyekohoa.

Mwishowe akasema, "Ninyi samaki, mwambieni mama asiachie."

Nikasema, "Ninyi samaki, mwambieni sijaachia. Yeye aangalie mguu wake, anakanyaga tope la pamba, atateleza."

"Mwambieni nimesikia."

Samaki wakapita, wakarudi. Watu huniuliza kama walifurahi kupata nafasi. Samaki hana uso wa kufurahi. Walikuwa wanakwenda huku na huku, basi.

"Ninyi samaki," akasema tena, sasa anahema, "mwambieni mama pole. Amekuja kupumzika kwa mwanawe, na leo nambebesha mizigo."

Hapo hasira ilinipanda. "Kupumzika? Mwambieni nimepumzika mpaka viungo vinalia kama mlango. Mwambieni nataka kwenda kwangu tangu kitovu cha mtoto kianguke. Mvua inakuja, shamba langu lina mtu analitolea macho, na mimi nafungiwa hapa kwa sababu ya mboga isiyolika."

Kisha akawasahau samaki. "Mama, nani amekufungia?"

Nikageuka bila kutaka. Nikamwona. Uso wa mkwe wangu niliuona mara ya kwanza siku hiyo, kupitia kioo na maji, na samaki mmoja anapita juu ya pua yake. Ulikuwa uso wa kijana aliyechoka. Macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Mimi kwa kikohozi chake nilikuwa nimemtengeneza mtu mwingine kabisa.

"Wewe," nikasema. "Si umesema mpaka samaki wahame ndipo unipeleke?"

"Mimi? Samaki na safari vinahusiana nini? Gari lipo. Mwanhuzi, njia ya kwako, nakwenda karibu kila juma. Mimi niliambiwa umepapenda hapa. Niliambiwa umesema hutoki mpaka mtoto aote meno."

"Nani alikwambia?"

Sikurudia swali. Maneno yetu yalikuwa na mbebaji mmoja tu.

Baadaye akasema, taratibu, "Mama, tangu uje sijakaa kwenye kochi langu. Nakula kwa mama ntilie. Naogea kwenye pipa kule ghalani. Nikifika kwangu nakohoa mpaka koo limekuwa kidonda. Nikasema hata hivyo, ni mama, avumiliwe."

"Na mimi nikasema ni mkwe, avumiliwe."

Akaanza kucheka. Tangi likatikisika, maji yakaruka.

"Usicheke!" nikamfokea. "Cheka ukishaniondolea huu mlima."

"Ndiyo, mama." Lakini mabega yake yaliendelea, na nikauma kanga yangu nisimsaidie.

Binti yangu alitukuta hivyo. Alisukuma mlango na mgongo, mtoto amelala, kadi ya kliniki mdomoni. Akatuona, mama yake na mumewe, uso kwa uso, tumelowana kama waliovuliwa. Kadi ikaanguka.

"Mungu wangu! Mmeonana!"

"Mtafute Mungu baadaye," nikamwambia. "Shika ndoo. Teka."

Aliteka maji mpaka tangi likawa jepesi, wakalishusha sakafuni, wakalijaza tena hapo hapo chini. Mimi nilikuwa nimesharudi chumbani. Nje nikasikia mkwe wangu akitoka uwanjani na kukohoa, kikohozi kile kile, kama kwamba hatukuwa tumesema kitu. Hivyo ndivyo ilivyo. Mtu akivunja haya, kosa haliruki tu likapotea. Lazima mbuzi atoke, apelekwe mbele ya wazee wa mwanamke, ndipo midomo ifunguliwe kweli kweli. Kabla ya mbuzi tulikuwa hatujaonana.

Binti yangu nilimfuata jikoni. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Mimi na mumeo, wote wawili."

"Wote."

Nilingoja atoe sababu. Aliokota mawe mawili, matatu, akayatupa. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya nyanya: "Msimu wa kununua akienda vijijini anafunga geti kwa nje. Anaondoka na ufunguo. Anasema wezi. Mwaka jana nilikuwa humu na mimba, nasikia watu wanapita barabarani wanasalimiana, *mwadila, mwadila*, na mimi siwaoni. Nikawa nawasimulia samaki. Habari zako zote wanazijua, mayu. Mpaka shamba."

"Ungeniambia."

"Ungekaa?"

Mimi si mtu wa kudanganya ili mtu alale vizuri. "Nisingekaa."

"Basi," akasema, akapepeta mchele.

Ningeweza kumshika bega. Sikumshika. Nilichukua ungo wa pili tukachambua pamoja mpaka giza likaingia. Kumwambia mumewe sikuweza, mbuzi alikuwa bado. Na mvua ilinguruma.

Kesho yake tukaondoka. Mkwe wangu aliendesha, na mimi nilipanda nyuma kwenye bodi, juu ya magunia, nimefunikwa turubai, kwa sababu kwenye kiti cha mbele hatuwezi kukaa bega kwa bega. Alipitia mnadani akanunua beberu mweusi, akamfunga huko huko nyuma. Mbuzi wa kufungua midomo na mwenye mdomo wenyewe, tumefungiwa chini ya turubai moja. Alinikojolea magunia yote mpaka tunapita Lagangabilili.

Kufika mtoni gari likasimama. Nikafunua turubai. Maji yalikuwa yamekuja, ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba vijiti na mabua. Watu wa miguu walikuwa bado wanavuka, wameshikana mikono, maji magotini. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli begani akamwambia mkwe wangu, "Mzee, kuvuka utavuka. Kurudi labda hilo gari liote mapezi. Huko juu mvua inapiga tangu alfajiri."

Mkwe wangu akashuka. Akasimama anatazama maji. Akatia mkono mfukoni, kama mtu anayetafuta sigara, akautoa, na kilichotoka ni ufunguo. Ufunguo mkubwa wa chuma, wenye uzi mwekundu. Aliutazama kama hajawahi kuuona.

Nami niliuona.

"Umefunga geti," nikasema.

Hakujifanya hajasikia. Hakutafuta samaki wa kupitishia maneno. "Nimezoea tu, mama. Mkono umefunga wenyewe."

Shamba langu lilikuwa upande wa kule. Tukivuka kwa gari ningefika kwangu mchana huo, na magunia yangu, na mbegu zangu, kavu. Naye angekaa kwangu mpaka mto ushuke. Na binti yangu na mtoto mchanga wangekaa nyuma ya vile vipande vya chupa, wanasikia watu wanasalimiana.

Nikashuka kwenye bodi. Nikachukua kifurushi na mfuko wa mbegu ya mtama, nikaufunga kichwani kwa kanga.

"Mama, unafanya nini?"

"Navuka. Wewe rudi ukafungue."

"Maji haya, mama! Nitawaambia nini watu?"

Nikamtazama, macho kwa macho, bila kioo, bila maji katikati. Kabla ya mbuzi, kabla ya wazee, na watu wa miguu wote pale wanaona. "Utawaambia mama mkwe wako amekufokea mtoni. Na kile chuma usikae nacho wewe. Mwenye kukaa ndani ndiye wa kukaa na ufunguo. Samaki peke yake ndiye hana mfuko."

Akapanda. Akageuza gari. Beberu alikuwa anapiga kelele nyuma mpaka nikaacha kumsikia.

Nilivuka katikati ya wanawake wawili waliotoka kuuza kuku. Maji yalifika mapajani. Kule ng'ambo nilikuta viatu vimebaki mtoni. Nikatembea peku mpaka kwangu, nikafika jua linazama, na asubuhi, kabla sijafagia hata uwanja, nikaenda shambani. Plau ilikuwa imeshapita. Mistari mitatu tu, pembeni, kama mtu anayeonja mboga ya mwenzake. Nikaanza kupanda kwenye mistari yake ile ile. Shemeji yangu alikuja akasimama mpakani, ananitazama, kisha akasema, "Mwangaluka, shemeji. Nilidhani umehamia mjini." Nikamwambia asante kwa kunilimia.

Mtama wa mwaka ule nilivuna kidogo, ulipandwa umechelewa. Lakini niliuvuna mimi.

Wakati wa mavuno binti yangu alikuja. Alikuja kwa basi, mtoto mgongoni, meno mawili yameshatoka, na beberu yule mweusi anamvuta kwa kamba. Akasema mumewe yuko nyuma, anakuja na wazee wao, keshokutwa, kwa ajili ya maneno ya mbuzi. Nilimpa maji. Nikamuuliza samaki. Akasema wamebaki wanne, wako chini pale pale, mtoto anatambaa anawapiga kofi kwenye kioo, na robota limewashinda, limekaa sebuleni limevimba, wanalikalia.

"Na geti?"

Alikuwa anapangusa uso kwa pindo la kanga, na kwenye pindo niliona fundo, zito, linalovuta kitambaa chini, ncha ya uzi mwekundu imechungulia. Sikuuliza lile fundo lina nini. Nikamwambia akamfunge mbuzi mbali na mtama.